Mzigo Unaokitosha Kipakatalishi Kidogo

Kwenye maduka ya kompyuta za mitumba, Kitale kama Bungoma, kuna aina moja ambayo mnunuzi huikimbilia kwa sababu ya bei kisha akaitilia shaka. Ni kipakatalishi kidogo chenye kioo cha inchi 10 au 11, kinachoingia kwenye mkoba wa shule bila kuusumbua, chenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, 2 au 4, na prosesa iliyoundwa kubana umeme kwanza, mbio baadaye. Waliokinunua wana malalamiko yanayofanana: kinachelewa kuwaka, kinaganda katikati ya kazi, kinadai kimejaa kabla mwenyewe hajahifadhi hata picha kumi. Basi hukumu hutoka upesi kwamba hizo ni takataka za Ulaya zilizotupwa kwetu. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini yanamkamata asiye mkosaji. Kinachoshinda mashine hizi mara nyingi ni mzigo zilizobebeshwa, na mzigo huo haukupakiwa na mwenye mashine. Ulipakiwa na watengenezaji wa programu waliokuwa wakifikiria kompyuta nyingine, umeme mwingine na intaneti nyingine. Ukiupunguza, kipakatalishi kidogo kinatosha sehemu kubwa ya kazi ambazo watu wa kaunti za Trans Nzoia, ilipo Kitale, na Bungoma wanaihitajia kompyuta.

Historia yake inasaidia kulielewa jambo hili. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza mpango wa kompyuta ya mtoto ambayo ingeuzwa dola 100. Bei hiyo haikufikiwa. Mashine hiyo, iliyoitwa XO, ilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2007 iligharimu karibu dola 200, na katika Afrika Mashariki ni Rwanda iliyoinunua kwa wingi, zaidi ya mashine 200,000. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 256 tu. Oktoba ya mwaka huohuo kampuni ya Asus ya Taiwan ikaleta sokoni Eee PC 701, yenye kioo cha inchi 7, kumbukumbu ya megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4, na ndani yake mfumo endeshi wa Linux. Mwaka 2008 Intel ikatoa prosesa ya Atom N270, iliyotumia wati 2.5 hivi wakati prosesa nyingi za kompyuta za mezani zilikuwa zikitumia wati 65 na zaidi. Acer, HP, Dell na Samsung wakaifuata njia hiyo, na mashine hizo zikaitwa netibuku. Kisha iPad ikaja mwaka 2010, wanunuzi wa nchi tajiri wakahamia kwenye tableti, na ilipofika mwanzo wa 2013 Asus na Acer walikuwa wameacha kuzitengeneza. Jina likafifia, lakini aina yenyewe ikarudi katika sura ya vipakatalishi vya shule na vya bei nafuu, mfano HP Stream 11 ya mwaka 2014 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 na hifadhi ya gigabaiti 32. Mashine za kizazi hicho ndizo zinazotufikia sasa, baada ya shule na ofisi za ng'ambo kununua mpya.

Tazama basi kilichobadilika. Eee PC ya mwaka 2007 iliandika barua, ikafungua barua pepe na kutengeneza jedwali la hesabu kwa megabaiti 512. Mashine yenye kumbukumbu mara nne ya hiyo inashindwa leo kufungua barua ileile bila kuhema. Barua haijaongezeka uzito. Kilichoongezeka ni vyote vinavyoizunguka: mfumo endeshi unaojisasisha kimyakimya, kinga ya virusi inayopekua kila faili, programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi, na kurasa za mtandao zilizojaa matangazo na video zinazocheza bila kuombwa.

Namna kuganda huku kunavyotokea ni rahisi kuieleza kwa mfano wa jiko. Kumbukumbu ya kompyuta, ile ambayo mafundi huiita ramu, ni mafiga. Diski ni ghala. Chakula hakiivi ghalani, huiva juu ya mafiga. Sufuria zikiwa nyingi kuliko mafiga, mpishi hulazimika kuipua moja, aipeleke ghalani, alete nyingine, aitie moto kidogo, airudishe, alete ya kwanza. Anashinda akitembea na hakuna kinachoiva. Kompyuta inayoganda iko katika hali hiyo: ramu imejaa, na mashine inahamisha vitu kati ya ramu na diski bila kupumzika. Diski ikiwa ya zamani, ile ya kuzunguka, safari hizo huwa ndefu mno. Ndiyo maana fundi anayekwambia ununue prosesa ya kasi zaidi mara nyingi anatibu kidole wakati kinachouma ni jino. Dawa mbili zenye nguvu ni kuongeza ramu pale inapoongezeka, na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ile isiyozunguka, yaani SSD. Netibuku nyingi za zamani zinakubali yote mawili, ingawa ramu yake haivuki gigabaiti 2. Lakini katika mashine nyingi za kizazi cha pili, HP Stream ikiwemo, ramu na hifadhi zimechomelewa kwenye bodi. Hapo dawa inabaki moja, nayo ni kupunguza sufuria.

Windows 10 peke yake inaweza kuchukua gigabaiti nzima ya ramu, au zaidi, kabla mtu hajafungua chochote. Katika hifadhi ya gigabaiti 32 huchukua zaidi ya nusu, na toleo jipya likitaka kuingia hudai nafasi ya gigabaiti kadhaa ambayo haipo. Jaribio linashindwa, linarudiwa, linashindwa tena, na kila jaribio linakula bando. Hiki ndicho kisa cha mashine "kujaa" bila mwenyewe kuweka kitu. Tena, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai angalau ramu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na chipu ya usalama ambayo mashine nyingi ndogo hazina. Kwa hiyo mwenye kipakatalishi kidogo yuko njia panda hata asipotaka: abaki na mfumo usiozibwa tena mianya yake, au ahamie kwingine.

Kwingine huko ni Linux, na nasema hivyo nikijua kwamba jina hilo huwatisha watu. Linux ni mfumo endeshi wa bure, unaotolewa kwa matoleo mengi yenye uzito tofauti. Kwa mashine ndogo kuna matoleo yaliyotengenezwa makusudi yawe mepesi: antiX, inayoweza kuendesha mashine yenye ramu ya megabaiti 512, Lubuntu, Linux Mint ya Xfce, au Debian yenye sura nyepesi ya LXQt. Matoleo haya hutulia kwenye megabaiti mia chache za ramu na kuacha nafasi iliyobaki kwa kazi yako. Yanaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi ya USB bila kugusa kilichomo ndani ya diski, kwa hiyo anayeogopa ana ruhusa ya kuogopa huku akijaribu. Kuna jambo moja la kuuliza mapema: prosesa ni ya biti 32 au 64? Atom N270 ni ya biti 32, na milango ya mashine hizo inafungwa mmoja baada ya mwingine. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, na Firefox imeacha kutoa matoleo mapya ya Linux ya aina hiyo. Mashine kama hizo bado zinafaa kuandikia na kusomea, lakini zisipewe kazi za benki wala nywila za maana mtandaoni. Kwa anayenunua leo, ushauri wangu ni asishuke chini ya biti 64 na gigabaiti 4 kama mfuko unaruhusu, na asishuke chini ya 2 kwa hali yoyote.

Hata baada ya mfumo endeshi kupunguzwa, kuna mlafi aliyebaki, naye ni kivinjari. Ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii unaweza kula megabaiti mia kadhaa za ramu, na watu wengi hufungua kurasa kumi kwa pamoja kwa mazoea tu. Google yenyewe iliondoa mwaka 2024 ile sura nyepesi ya Gmail iliyokuwa ikitegemewa na mashine dhaifu. Hapa mwenye mashine ndogo anahitaji nidhamu zaidi ya ufundi. Afungue kurasa mbili au tatu, zisizidi. Aweke kizuia matangazo kama uBlock Origin, kwa maana matangazo ndiyo sehemu nzito ya kurasa nyingi, na kuyazuia kunaokoa ramu na bando kwa mpigo mmoja. Barua pepe azisomee kwenye programu yake maalumu, nje ya kivinjari. Video aipeleke kwenye simu. Nidhamu hii ina sura ya umaskini, nakubali, lakini matokeo yake ni mashine inayojibu pale unapoiamuru.

Sasa tuulize kazi zenyewe ni zipi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia, na kwa Kenya nzima ikakuta kwamba nyumba zenye kompyuta, kipakatalishi au tableti zilikuwa asilimia 8.8 tu. Wengi waliobaki wakihitaji kompyuta huenda saiba. Huko huandika barua ya kuomba kazi na wasifu, hujaza fomu za mkopo wa masomo wa HELB na za kuomba nafasi ya chuo za KUCCPS, huingia iTax na eCitizen, huchapisha ripoti ya chama. Mwalimu huandaa mitihani na maazimio ya kazi, kisha huingiza alama za wanafunzi kwenye tovuti ya baraza la mitihani, KNEC. Karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Elgon, tuseme upande wa Chwele au Kimilili, huhifadhi kilo za kila mwanachama na malipo ya kila msimu. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayodai mashine kubwa. Jedwali la wanachama elfu moja na miezi kumi na miwili ni seli elfu kumi na mbili. VisiCalc, programu iliyowafanya wafanyabiashara wa Marekani waanze kununua kompyuta mwaka 1979, ilifanya hesabu za majedwali kwenye Apple II yenye kilobaiti 32. Kipakatalishi cha gigabaiti 1 kina kumbukumbu zaidi ya mara elfu thelathini ya hiyo. Anayesema hakitoshi kuandikia daftari la ushirika hajapima, amekariri.

Hofu ya kwamba nyaraka zitaharibika zikitoka LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux, kwenda Word nayo ipimwe kwa haki. Zamani zilivurugika sana. Siku hizi barua na ripoti za kawaida hupita salama zikihifadhiwa kwa umbo la docx, na hata ile kero ya kurasa kusogea ina sababu inayojulikana: fonti. Fonti ya Liberation Serif ilichorwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa Times New Roman, na Carlito ikachorwa hivyo kwa ajili ya Calibri. Fonti hizi zikiwepo, mistari inakatika palepale ilipokatika ofisini kwa mkubwa wako. Yenye kuvurugika bado ni majedwali yenye makro, na humu zimo baadhi ya fomu za kodi za KRA zilizotengenezwa kwa Excel. Kwa fomu kama hiyo, mara moja kwa mwaka, saiba ipo. Siku moja ya saiba haifuti faida ya siku 364.

Kioo kidogo ni kero ya kweli zaidi. Netibuku nyingi za zamani zina kioo cha nukta 1024 kwa 600, na madirisha mengi ya programu hutokeza chini ya ukingo, kitufe cha kukubali kikabaki mahali pasipoonekana. Katika Linux unashika kitufe cha Alt, ukaliburuta dirisha zima kwa panya hadi kitufe kionekane. Kitufe cha F11 hupanua ukurasa ujaze kioo chote. Na karibu mashine zote hizi zina tundu la kuunganisha kioo cha nje, kwa hiyo nyumba au shule yenye televisheni au monita ya zamani tayari ina kioo kikubwa.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote, na isiyosemwa vya kutosha, ni ya umeme. Stima ikipotea, kompyuta ya mezani huzima na kazi isiyohifadhiwa hupotea, kipakatalishi huendelea. Betri yake ni kinga ambayo kwenye kompyuta ya mezani hununuliwa kando. Tufanye hesabu ya maabara ya shule yenye mashine 40. Za mezani, pamoja na vioo vyake, zikila wati 100 kila moja, ni wati 4,000. Kwa saa nne kwa siku hizo ni yuniti 16. Vipakatalishi vidogo vikila wati 15 kila kimoja, ni wati 600, sawa na yuniti 2.4 kwa muda uleule. Tofauti hiyo inajirudia kila siku ya muhula, na inaonekana kwenye kila tokeni inayonunuliwa. Tena wati 600 ni kiasi ambacho paneli za sola za bei inayofikirika zinaweza kukibeba, wakati wati 4,000 ni mradi wa kuombea ufadhili. Baadhi ya mashine, kama Eee PC 901, zilitengenezwa zichajiwe kwa volti 12, jambo linalozifanya ziendane vizuri na betri za sola zikiwekewa kidhibiti volti na fyuzi. Betri za zamani zitakuwa zimechoka, hilo halikwepeki. Hata iliyobaki na dakika arobaini inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Jambo la kuogopa ni joto, na vumbi la kiangazi cha Desemba hadi Februari linaloziba feni za mashine za zamani. Zipulizwe angalau mara moja kwa mwaka, na zisiwekwe juu ya blanketi zikifanya kazi.

Bando nalo lina dawa yake. Kiwix ni programu ya bure inayosoma Wikipedia nzima kutoka kwenye faili moja bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida; ya Kiingereza yenye picha zote ni kubwa, zaidi ya gigabaiti 100, lakini kuna mikusanyo midogo ya masomo teule. Anayekaa karibu na intaneti nzuri, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii au wa Kitale National Polytechnic, anaweza kupakua mara moja akagawia shule nzima kwa flashi, na vivyo hivyo programu zenyewe. Na hapa nina neno la kando kuhusu lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Waliweza kufanya hivyo bila kungoja ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa programu huria humruhusu yeyote kuifungua na kuitafsiri. Kazi kama ile inastahili kuendelezwa, na walimu wa Kiswahili wa upande huu wa nchi wana uwezo wa kuiendeleza.

Mtu atasema simu inatosha. Kwa kupokea, kulipa na kuzungumza, inatosha na kuzidi. Hakuna kipakatalishi kitakachoshindana nayo kwa M-Pesa. Lakini kuna tofauti kati ya kupokea na kutunga. Ripoti ya kurasa nane, bajeti yenye safu ishirini, mtihani wenye mchoro na nafasi za majibu, vyote hivyo kwenye simu ni adhabu ya macho na vidole. Anayejua kuperuzi tu amefundishwa kuwa msomaji wa kazi za wengine. Kibodi, hata ndogo, humfundisha kuandika ya kwake.

Mwingine atauliza kuhusu mitihani. Somo la Computer Studies la KCSE lina karatasi ya mradi, na shule nyingi zimezoea kuufanya kwa Microsoft Access. Hilo ni kweli, na shule inayofundisha somo hilo ihifadhi mashine chache zenye Windows kwa kazi hiyo. Lakini wanafunzi walio wengi, hasa wa sekondari ya chini iliyoanza na Gredi ya 7 Januari 2023, wanahitaji kwanza kujua kibodi, kupanga faili, kutunga jedwali na kuandika programu ndogo. Stadi hizo hazibadiliki kwa kubadilisha nembo iliyo pembeni mwa kioo. Aliyejifunza kuendesha gari moja hahitaji kuzaliwa upya ili aendeshe jingine.

Pingamizi lenye uzito mkubwa zaidi linatoka Peru. Huko utafiti uliofanywa na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ulihusisha shule 319 za vijijini, na matokeo yake yaliyotolewa mwaka 2012 hayakuonyesha kwamba kompyuta za XO zilipandisha alama za hisabati wala za lugha. Sina haja ya kuukwepa ushahidi huo. Unaunga mkono ninachosema. Kifaa kilichogawanywa bila mwalimu aliyeandaliwa, bila fundi na bila kazi mahususi hakimfundishi mtu. Kenya tumeliona hilo wenyewe. Ahadi ya vipakatalishi vya darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, zabuni ya kwanza ikavunjwa mwaka 2014, na mpango ulipoanza kugawa vifaa mwaka 2016 ulikuwa umegeukia tableti. Vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa, kisha vyombo vya habari vikaripoti mara kwa mara shule ambako vimefungiwa kabatini. Somo lililomo humo linahusu matayarisho, na matayarisho hayo ni rahisi zaidi kwa mashine ambayo fundi wa mtaa anaweza kuifungua kwa bisibisi kuliko kwa ile inayohitaji kurudishwa Nairobi.

Rahisi ghali, wahenga walisema, na mnunuzi wa mtumba anapaswa kuikumbuka methali hiyo dukani. Mashine nyingi za shule za ng'ambo huja zikiwa na kufuli la shule ya zamani: nywila ya kuingilia mipangilio ya ndani, au Chromebook iliyosajiliwa ambayo kila ikifutwa hurudi kudai akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Ya namna hiyo usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Iwashe mwenyewe dukani. Jaribu kila herufi ya kibodi, chomoa chaja uone betri inavyoshuka, angalia kama hifadhi na ramu zinaweza kubadilishwa, na dai risiti. Mashine isiyowashwa mbele yako haifai kulipiwa. Na kwa wanaosema biashara hii inaingiza taka, jibu ni kwamba taka ni mashine isiyofanya kazi. Computers for Schools Kenya imekuwa ikikarabati kompyuta zilizotumika kwa ajili ya shule tangu mwaka 2002, na sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inawataka wazalishaji wawajibikie bidhaa zao hadi mwisho wa maisha yake. Kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha ya kompyuta iliyopo ni madini ambayo hayakuchimbwa na pesa ambazo hazikutoka mfukoni.

Basi ombi langu ni kwa wenye makabati yaliyofungia mashine kama hizi. Mwalimu mkuu wa Kiminini, katibu wa ushirika wa Chwele, mchungaji wa Webuye mwenye vipakatalishi vitatu vya msaada vilivyokufa baada ya miezi sita: kabla ya kuandika barua ya kuviondoa kwenye orodha ya mali, ita mwanafunzi mmoja wa kompyuta kutoka Kibabii au Kitale anayetafuta mazoezi ya kazi, mpe flashi ya gigabaiti 8 na muda wa wiki moja. Aanze na kimoja. Kikiwaka na kuandika barua, mpe cha pili.